Mtufaha Katika Joto la Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuupanda na Kuuzalisha

Meza za Kongowea na Marikiti hazikosi matufaha mwaka mzima, mekundu na ya kijani, na mengi yake yametoka Afrika Kusini. Wengi wanaoyanunua hujiuliza kama mti wenyewe unaweza kuishi uani mwao, Kisauni, Likoni au Changamwe. Unaweza. Joto letu haliui mtufaha. Ukipata maji yasiyo na chumvi na udongo mzuri, utarefuka na kujaa majani. Kinachokosekana ni maua, na pasipo ua hapana tunda. Ndiyo maana karibu kila hatua iliyomo humu ina lengo moja: kuufanyia mti kwa mikono kazi ambayo huko kwao hufanywa na baridi.

Niseme mapema kwamba hapa pwani mtufaha ni mti wa nyumbani, wa kutarajia matunda machache. Anayemuuzia mtu wa Mombasa miche ya ekari nzima kwa ahadi ya utajiri hamtakii heri.

Ujue mti wenyewe kwanza

Mtufaha unaolimwa huitwa kitaalamu Malus domestica. Ni wa ukoo wa waridi, pamoja na pea, plamu, pichi, lozi na stroberi. Usiuchanganye na mtofaa ule wa pwani, wenye tunda jekundu umbo la pea, nyama nyeupe laini na harufu kidogo ya marashi. Huo ni wa ukoo wa mpera, mkarafuu na mzambarau, nao umezoea joto tangu asili. Ukienda kitaluni, hakikisha wewe na muuzaji mnazungumzia mti mmoja.

Chimbuko la mtufaha ni milima ya Tian Shan, hasa upande wa Kazakhstan, ambako mtufaha wa mwituni, Malus sieversii, ungali unamea msituni. Mwanasayansi Mrusi Nikolai Vavilov alifika Alma-Ata, mji unaoitwa Almaty siku hizi, mwaka 1929. Alipoona miti ile na tofauti kubwa za matunda yake, alitambua kwamba yuko kwenye asili ya tufaha la mashambani. Mwaka 2010 jenomu, yaani ramani ya vinasaba, ya aina ya Golden Delicious ilichapishwa, ikathibitisha uhusiano huo. Tufaha lilipobebwa kuelekea magharibi kwa njia za misafara, lilichanganyika pia na mtufaha wa mwituni wa Ulaya, Malus sylvestris, hivyo tunda tunalokula leo lina asili zaidi ya moja.

Habari hii ya milima ndiyo ufunguo wa kilimo chake. Tian Shan ina majira ya baridi kali. Mti ambao ungechanua kwa siku chache za joto katikati ya majira hayo ungepoteza maua yote theluji ikirudi. Kwa hiyo matumba ya mtufaha hulala, na hayaamki mpaka yawe yamepitia saa nyingi za baridi. Wakulima huhesabu saa ambazo hewa iko chini ya nyuzi 7 za selisiasi. Aina nyingi za sokoni huhitaji saa 800 hadi 1,000, nyingine hata zaidi. Mombasa haina hata saa moja ya namna hiyo: usiku wa Julai na Agosti, ambao ndio wetu wenye ubaridi, huwa nyuzi 20 na kitu.

Matokeo utayaona kwa macho. Tumba la nchani huendelea kukua, yale ya kando hubaki yamefumba, na baada ya muda una fimbo ndefu iliyo tupu katikati na yenye majani juu. Mti haujafa wala hauumwi, bali hauna cha kuuambia kwamba msimu umegeuka.

Sasa tuangalie Batu, karibu na Malang, mashariki mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia. Wako kusini kidogo ya ikweta kama sisi, na wamelima matufaha kwa miongo mingi. Mbinu yao ni kukwanyua majani yote kwa mikono wiki chache baada ya mavuno, na kuyainamisha matawi. Mti hutoa matumba mapya na kuchanua, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mbinu hii hufaa kwa sababu ni baridi ndiyo huutia mtufaha usingizi mzito. Pasipo baridi, tumba changa halijalala. Limezuiwa tu na jani lililo kando yake na ncha inayokua juu yake. Ukiliondoa jani na kuilaza ncha, kizuizi kinaondoka. Batu ni mlimani, kwa hiyo wana nafuu ya ubaridi ambayo sisi hatuna, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: mche, wala si mbegu

Mbegu ya tufaha ulilonunua inaweza kuota. Ukiiweka kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji, isigande, kwa miezi miwili hadi mitatu, mara nyingi itatoa mzizi. Lakini usitegemee mti wa matunda kwa njia hiyo. Ua la mtufaha hulikataa poleni (unga wa maua) la mti wake au la mti wa aina yake, hivyo kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili tofauti na hafanani na yeyote kati yao. Granny Smith ilianza na mche mmoja uliojiotea shambani kwa Maria Ann Smith, karibu na Sydney, Australia, mwaka 1868. Kila Granny Smith duniani leo imetokana na vijiti vya mti ule mmoja, vilivyounganishwa juu ya mashina mengine. Ukipanda mbegu yake unapata mti mwingine kabisa, na huenda ukangoja miaka sita, minane au zaidi kabla ya kujua ladha yake. Tena mbegu ya Granny Smith inaweza kurithi mahitaji yale ya baridi ambayo hapa hayatimiziki.

Nunua mche uliounganishwa. Aina mbili zinafaa kutafutwa: Anna, iliyozalishwa Israeli katika kijiji cha ushirika (kibbutz) cha Ein Shemer, na Dorsett Golden, iliyopatikana visiwani Bahamas. Zote huridhika na saa 300 za baridi au pungufu, na huchanua karibu wakati mmoja. Chukua zote mbili. Miche miwili ya Anna pekee haitachavushana vizuri, maana kwa mti miwili hiyo ni kitu kimoja.

Shina la chini nalo uliulizie, kwa sababu ndilo huamua ukubwa wa mti na ustahimilivu wa mizizi. MM106 na MM111 ni mashina yaliyotokana na kazi ya vituo vya East Malling na Merton nchini Uingereza, na yote huhimili vidukari vya sufi vinavyoshambulia mizizi. MM106 hutoa mti wa wastani, unaokubali kukaa kwenye pipa, lakini huoza shingo haraka udongo ukituama maji. MM111 ni mkubwa zaidi na huvumilia ukame. Huo ni wa kupanda ardhini.

Kabla ya kulipa, tafuta kifundo cha kiunganisho juu kidogo ya udongo, ambapo shina linapinda au kuvimba. Mche usio na kifundo umetokana na mbegu, hata kibao kiseme nini. Inua mfuko uangalie chini: mizizi iliyozunguka kama chane la ukili imekaa humo muda mrefu mno. Nunua kwenye kitalu kilichosajiliwa, na usimwagize jamaa akuletee vijiti kutoka ng'ambo kwenye begi. Mimea ya kuingizwa nchini huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, kwa kuwa ugonjwa mmoja uliofichika kwenye kijiti unaweza kuharibu mashamba ya watu.

Hatua ya pili: pipa, udongo na maji

Hapa ndipo wengi wa Mombasa hupotezea mti wao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sehemu kubwa ya kisiwa, Nyali na Bamburi ina mwamba wa matumbawe chini ya udongo mchache. Matumbawe ni chokaa, na chokaa huufanya udongo uwe wa alkali. Mtufaha hupenda udongo wenye tindikali kidogo, pH 6 hadi 6.8. Kwenye alkali nyingi madini ya chuma yanakuwemo lakini mizizi haiwezi kuyachukua, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Samadi haitaponya hali hiyo. Ushauri wangu ni kupanda kwenye pipa. Pipa la plastiki la lita 200, lisilowahi kubeba kemikali, likikatwa katikati hutoa makazi mawili ya lita 100, moja la Anna na moja la Dorsett Golden. Toboa matundu manane au kumi chini, kisha uliinue juu ya matofali maji yapite. Pipa lina faida nyingine kubwa: mvua ikizidi unaweza kulisogeza, na kiu ya mti utaiongoza wewe.

Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za udongo wa tifutifu usiotoka kwenye matumbawe, sehemu moja ya samadi au mboji iliyooza kabisa, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi hushika unyevu na kuacha hewa. Lakini yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokotea kamba hayafai, yamejaa chumvi. Hata yale ya shambani yaloweke kwa maji matamu na kuyasuuza mara kadhaa.

Chumvi ndiyo adui mkubwa, na huingia kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya magadi au ya chumvichumvi ambayo mnazi huyavumilia na mtufaha hauyawezi. Dalili yake ni kingo za majani kuungua na kukauka kutoka nchani kuelekea ndani. Kinga maji ya mvua kutoka paa la bati wakati wa masika na vuli. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo hayana chumvi, na nyumba yenye kiyoyozi huyamwaga bure kila siku. Ikiwa huna budi kutumia maji ya kisima, basi kila baada ya majuma mawili mwagilia maji matamu mengi mpaka yatiririke chini, ili chumvi ioshwe.

Panda mche kifundo kikiwa kiganja kimoja juu ya udongo. Ukikifukia, kijiti cha juu kitatoa mizizi yake na faida ya shina la chini itapotea. Kisha tandaza nyasi kavu au majani makavu juu ya udongo, yasiguse shina.

Mwagilia unapochovya kidole na kukuta udongo ni mkavu hadi kifundo cha pili. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, pipa linaweza kuhitaji maji kila siku. Masika ikikolea, huenda usimwagilie kabisa.

Hatua ya tatu: mahali pa kuuweka

Jua la asubuhi hadi saa saba mchana linatosha. Baada ya hapo kivuli cha ukuta au cha kuti ni bora. Uweke nyuma ya ukuta au ua usiupate upepo wa bahari moja kwa moja. Shina changa lililo wazi kwa jua la magharibi huungua ganda, na ganda lililopasuka ni mlango wa wadudu na kuvu. Lipake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu.

Hatua ya nne: umbo la mti katika mwaka wa kwanza na wa pili

Mche ukishashika, ukate ncha kwenye kimo cha sentimita 70 au 80. Matumba ya chini ya mkato yataamka. Chagua matawi manne au matano yaliyotazama pande mbalimbali, mengine uyaondoe.

Matawi yakifikia urefu wa mkono, yainamishe. Yafunge kamba ya katani na uyavute taratibu mpaka yakaribie kulala, huku ncha ikibaki imeinuka kidogo. Tawi lililosimama hutuma nguvu zake zote nchani. Likilazwa, matumba ya kando hupata nafasi, na vijiti vifupi vizaavyo maua huanza kujitokeza. Kazi hii ina thamani kuliko mbolea yoyote. Anayeongeza samadi kila mwezi ili mti uchanue hupata majani zaidi tu. Kibuyu cha mboji kila baada ya miezi mitatu kinatosha.

Hatua ya tano: kukwanyua majani

Mti ukiwa umemaliza mwaka mmoja na nusu au miwili, wenye afya na matawi yaliyolala, uko tayari. Mimi huchagua mwanzo wa Julai. Mvua kubwa imepungua, kusi inavuma, na maua yatafunguka katika wiki zenye ubaridi kuliko zote za Mombasa. Maua yakifunguka Februari, joto hukausha unyanya, ile ncha ya ua inayopokea poleni, kabla poleni haijamea.

Wiki mbili au tatu kabla, punguza maji. Mti usinyauke, ila usinywe kwa raha; mvua ikitishia, sogeza pipa chini ya paa. Kisha siku moja asubuhi ondoa majani yote, moja baada ya jingine. Kata kwa mkasi na uache kikonyo, ili usichune tumba lililo kwapani mwake. Kikonyo kitaanguka chenyewe. Usiache hata jani moja nchani, maana hilo litaendelea kuyazuia matumba. Punguza ncha za matawi kwa sentimita chache, choma mabaki yenye madoa, kisha mwagilia kwa wingi na uweke mboji.

Matumba yatavimba kati ya wiki ya pili na ya nne. Tumba nene la mviringo lina maua, jembamba lililochongoka lina majani. Yakitoka majani matupu mwaka wa kwanza usikate tamaa, ila usirudie kazi hiyo mwaka huohuo. Kila unapokwanyua majani mti hula akiba iliyomo katika shina na mizizi, na mti uliokamuliwa mara mbili mfululizo hapa kwenye joto hudhoofika vibaya. Watu wa Java wanavuna mara mbili. Sisi tutosheke na mara moja. Mti mgonjwa, au wenye majani ya manjano, usiuguse kabisa.

Hatua ya sita: maua mpaka tunda

Ua lina petali tano, nyeupe zenye wekundu kidogo mgongoni, na hutoka kwa vishada. Nyuki wakiwepo watafanya kazi. Lakini kwa miti miwili uani, usibahatishe: chukua brashi ndogo laini ya kuchorea, saa mbili au tatu asubuhi umande ukishakauka, pitisha kwenye maua ya Anna yaliyofunguka kisha ya Dorsett Golden, na urudi tena. Fanya hivyo kila asubuhi maua yakiendelea kufunguka.

Ukilikata tufaha kwa upana utaona nyota yenye vyumba vitano, kila kimoja na mbegu mbili kwa kawaida. Tunda lenyewe kibotania ni kile kiini cha katikati chenye mbegu, tunachokitupa. Nyama tunayokula ni kitako cha ua kilichonenepa na kukizunguka kiini hicho. Mbegu ndizo huiamuru nyama inenepe. Vyumba vya upande mmoja vikikosa mbegu, tunda hukua limepinda upande huo au huanguka mapema. Ukiona matunda yaliyopinda, mwaka ujao ongeza bidii ya brashi.

Matunda yakifikia ukubwa wa kunazi, bakisha moja kwa kila kishada. Mti mchanga usibebe zaidi ya matano au sita. Najua inauma kuyatoa, lakini mti mdogo ukizidiwa huvunjika tawi au hukosa nguvu za mwaka unaofuata.

Baada ya hapo ni ulinzi. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, yuleyule anayewaliza wakulima wa maembe, hutaga pia kwenye tufaha. Funika kila tunda kwa mfuko wa karatasi au gazeti lililokunjwa, ukifunga mdomo wake kwenye kikonyo. Mfuko huo utawazuia na kunguru pia. Vidung'ata, wale wadudu weupe wa unga, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na uwazuie sisimizi wanaowabeba kwa kupaka grisi kwenye ukanda wa kitambaa uliozungushiwa shina. Maeneo yenye tumbili, kama Shanzu, hayana dawa ila wavu wa kuzunguka mti wote.

Hatua ya saba: kuchuma

Usisubiri wekundu. Rangi nyekundu ya tufaha huhitaji usiku wa baridi, na Anna ya Mombasa inaweza kuiva ikiwa na rangi ya kijani-manjano na doa dogo jekundu. Miezi mitatu hadi minne baada ya maua, anza kuangalia. Shika tunda, linyanyue na ulizungushe kidogo; lililokomaa huachia lenyewe. Kata moja: mbegu zikiwa za kahawia, kaa tayari kuchuma yote kwa wiki hiyo. Katika joto hili tufaha lililoachwa mtini hugeuka unga upesi, kwa hiyo likitoka mtini liingie frijini. Liweke mbali na mboga za majani, maana hewa ya etilini linayotoa huzifanya zinyauke na kugeuka manjano. Hewa hiyohiyo ina faida kwa ndizi mbichi: ziweke pamoja kwenye mfuko wa karatasi, zitaiva mapema.

Majani yaliyopo baada ya mavuno yaache yafanye kazi hadi Julai nyingine. Ndiyo yanayojaza akiba ya mti.

Kama una ndugu Taita

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Wundanyi iko juu zaidi ya mita 1,300, kwa hiyo ina ubaridi wa nyuzi nane au tisa kuliko ufuoni, na udongo wake hauna matumbawe. Hapo mtufaha wa Anna kwenye shina la MM111 unaweza kupandwa ardhini, shimo la sentimita 60 kila upande, miti ikiachana mita nne. Majani bado yatahitaji kukwanyuliwa, kwa sababu hata huko usiku haushuki chini ya nyuzi 7 kwa muda wa kutosha, lakini maua yatakuwa mengi na rangi ya tunda itakuwa bora. Kwa mwenye jamaa huko na nafasi ya miti mitatu minne, ningeanzia Wundanyi kabla ya Mombasa.